Yuko Tunduma, anajua nimefika Msamvu

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Morogoro. Nauza vitenge na madera. Duka sina, nina meza yangu sokoni, na wateja wengine nawapelekea majumbani na maofisini. Mara moja kwa mwezi nashuka Kariakoo kufuata mzigo, siku hizi kwa treni ya SGR, naondoka alfajiri narudi jioni. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia mpaka Lubumbashi. Akiondoka anarudi baada ya wiki mbili tatu, na foleni ya mpakani Tunduma ikiwa mbaya hata mwezi unakatika.

Shangazi, mume wangu anajua kila ninakokwenda. Sisemi anahisi, nasema anajua. Mwezi wa nane alinipigia akiwa Tunduma, akaniuliza, "Ulikuwa unafanya nini Msamvu mpaka saa mbili usiku?" Kweli nilikuwa Msamvu. Nilikwenda kupokea mzigo uliotumwa kwa basi kutoka Dar, basi likachelewa. Sikuwa nimemwambia mtu. Wiki iliyofuata nilipita kwa mteja Kihonda, mvua ikanishika, nikakaa. Jioni simu: "Kihonda una ndugu gani?" Halafu kuna la gauni. Nilikwenda kitchen party ya jirani, nikajipiga picha na gauni langu la kijani. Sikumtumia mtu, wala sikuweka stetasi. Kesho yake akaniambia lile la kijani limekubana.

Nikamshuku wifi yangu. Anauza samaki meza ya nne kutoka yangu, na nyumba zetu ziko mtaa mmoja. Nani mwingine angempelekea kaka yake habari? Nilimfuata, tukatukanana mbele ya watu, nikamwita mmbea. Alilia akaapa. Huu ni mwezi wa pili hatusalimiani, na watoto nimewakataza kwenda kwa shangazi yao. Mama yangu yeye anasema niende kwa mtaalamu, kwamba macho ya kawaida hayaoni kutoka Tunduma mpaka Morogoro.

Dada mmoja wa hapa sokoni ndiye aliyenitia wazo la simu. Nikaenda kwa fundi. Akasema programu zangu ndizo zinazonifuatilia, zinatumia lokesheni. Akafuta nyingi, tochi, ya kupamba picha, ya hali ya hewa, mpaka WhatsApp ikaondoka na meseji zangu za wateja na za kikoba. Akabakiza ya mkopo kwa sababu bado nadaiwa. Akazima na ile alama ya mahali, akachukua elfu kumi na tano. Haikuisha siku, mume wangu akapiga: "Mbona umezima?" Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, Shangazi. Nikaiwasha palepale. Sasa fundi anasema nimrudishie aiflashi yote, ianze upya kama ya dukani.

Niseme ukweli wote. Mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono. Nyumbani analeta. Simu yenyewe alininunulia yeye mwaka juzi, akaiwasha mwenyewe dukani, akaweka imeili yake kwa sababu mimi sikuwa nayo, na kidole chake akakisajili pamoja na changu. Mara mbili tatu limetokea andiko juu ya kioo kwamba simu inatafutwa, nikalifuta nikidhani ni matangazo. Na yeye mwenyewe hulalamika kwamba tajiri wake amefunga kifaa kwenye lori, akisimama Mikumi dakika ishirini kunywa chai anapigiwa simu. Namwonea huruma akisema hivyo.

Lakini na mimi siku hizi nikitoka nyumbani naona kama kuna mtu nyuma yangu. Juzi nilimpeleka mtoto kliniki kwa kuzunguka njia ndefu, nisipite karibu na Msamvu nikaulizwa. Sina ninachoficha, ila nimechoka. Nitajuaje ni programu gani? Niiflashi? Nimwambie, au ninyamaze?

Mwenye Vitenge, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Wifi yako hajasema neno. Barua yako mwenyewe inamsafisha, na kwake nitarudi. Tazama mambo matatu uliyoyaandika kama ya kupita tu. La kwanza ni andiko la simu inatafutwa. La pili ni gauni la kijani, picha ambayo hukumpa mtu. La tatu ni "Mbona umezima?" Wifi aliyekaa nyuma ya samaki wake anaweza kukuona ukipanda boda, lakini hawezi kujua kwamba alama fulani kwenye kioo cha simu yako imezimwa leo mchana. Hilo linajulikana kwa aliyejaribu kuitafuta simu ikakosekana.

Jibu liko pale dukani, siku simu ilipofunguliwa. Ile imeili aliyoiweka haikuwa ya kupokea barua tu. Kwenye simu za Android, akaunti ya Google ndiyo hati ya simu. Wewe umeishika mkononi, unaiwekea vocha na bando, lakini hati ina jina lake. Mwenye akaunti anaweza kuingia kwa simu yake mwenyewe popote alipo, akafungua huduma ya kutafuta simu iliyopotea, ile iliyoitwa Find My Device na sasa inaitwa Find Hub, akaona kwenye ramani simu yako iko wapi. Huduma ile ilitengenezwa kwa ajili ya wizi na upotevu, na kila inapotumiwa, simu inayotafutwa hupata arifa. Ndilo lile andiko ulilokuwa unalifuta. Picha nazo, kama kuhifadhi nakala kumewashwa, hupanda zenyewe kwenye akaunti ileile kila simu inapopata mtandao. Ulipojipiga na gauni lako, picha ilikwenda Tunduma bila wewe kuituma.

Kwa hiyo kwa mtaalamu usiende. Fundi wako naye aligusa mlango usio wenyewe, na nataka uelewe ni kwa nini, maana hata wasomaji wengine wanaoniandikia wamefutiwa programu hivihivi.

Simu inajua ilipo kwa kusikiliza. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, zinatoa mawimbi mchana na usiku. Simu ikizisikia angalau nne, inapiga hesabu na kujua imesimama wapi. Setilaiti hazikuoni wala hazimwambii mtu. Ndani ya majumba simu hujisaidia pia kwa minara na kwa mitandao ya waifai iliyo jirani. Mpaka hapo siri iko ndani ya simu. Inatoka pale tu kitu fulani ndani ya simu kinapoichukua na kuipeleka nje kwa bando lako, na kitu hicho ni ama programu uliyoipa ruhusa, ama akaunti iliyomo. Fundi alizima swichi kuu, ambayo inafunga masikio ya simu nzima, akafukuza programu. Akaunti akaiacha imekaa pale ilipo. Ulipowasha tena, mwenye akaunti akaona kama kawaida.

Na huko kuflashi usithubutu, angalau si kabla ya kusoma mpaka mwisho. Simu za Android tangu mwaka 2015 zina ulinzi dhidi ya wezi: ukiifuta kwa njia ya nyuma huku akaunti ikiwa bado ndani, ikiwaka itadai akaunti ileile na neno lake la siri. Unaweza kubaki na simu iliyofungwa, na wa kukutajia neno hilo ni mumeo peke yake. Nimewaona wanawake wawili waliofika hapo. Mmoja alilazimika kumpigia mwanamume aliyekuwa anamkimbia ili amtajie neno la siri.

Sasa, kabla hujagusa kitu, tuzungumze kuhusu mwenye akaunti. Umesema hajakunyanyulia mkono, nami nakuamini. Umesema pia sauti yake ilibadilika na ukaiwasha palepale. Jiulize, ukiwa peke yako, bila kumtetea wala kumshitaki: akigundua umeiondoa akaunti yake, unaogopa nini hasa? Kama unaogopa kununiwa na kuulizwa maswali, endelea na ninayokuambia hapa chini. Kama kuna sehemu ya mwili wako inayoogopa kipigo, au kufukuzwa usiku, au kuchukuliwa watoto, basi usibadilishe chochote kwenye simu hiyo leo. Kuzima kunaonekana upande wa pili, wewe mwenyewe umeshajionea. Tumia simu ya mama yako au ya rafiki kuomba msaada, na polisi pana Dawati la Jinsia na Watoto, unaingia na kueleza hata kama hujapigwa. Simu iache nyumbani ukienda. Hilo nalisema kwa kila msomaji wa kike anayejiona kwenye barua hii, hata ambaye mumewe anasifiwa na mtaa mzima.

Kwa jinsi ulivyoandika, mimi naona wenu ni wa kuzungumza, na ningependa azungumzishwe kwanza, tena akiwa nyumbani, ameshakula na kulala safari. Usimwambie kwa simu akiwa kwenye foleni. Mtu aliyekaa siku tano ndani ya lori pale mpakani ana muda mwingi wa kuwaza mabaya. Na wewe una neno ambalo wake wengi hawana, nalo ni la tajiri wake. Mwambie: "Unakumbuka unavyojisikia ukiulizwa kwa nini umesimama Mikumi? Mimi ndivyo ninavyojisikia kuanzia mwezi wa nane." Kisha nyamaza, mpe nafasi. Kile kifaa cha lori amekikuta kazini, anajua kipo, lori si lake na mzigo si wake. Hata mabasi ya mikoani, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inayafuatilia, na dereva anajua anafuatiliwa. Wewe hakuna aliyekuambia. Tena aliyefuatiliwa si gari, ni mke, na Katiba yetu ibara ya 16 inampa kila mtu heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake binafsi. Ibara hiyo usiende kumsomea mumeo kama mwanasheria. Nimekutajia ili moyoni mwako usijione mke mkorofi kwa kudai kitu hiki.

Mwambie na hili la kliniki, kwamba ulizunguka njia na mtoto mgongoni. Nadhani hilo litamuuma kuliko yote.

Mkishaelewana, au hata kama hamkuelewana lakini humwogopi, kaa na simu yako saa nzima, ikiwa na chaji na bando, na uifanye kazi hii mwenyewe. Nimeweka mbele yangu simu iliyo kwa Kiswahili ninapoandika. Yako inaweza kutofautiana neno hapa na pale kulingana na kampuni iliyoiunda.

Unaanza kwa kutengeneza akaunti yako, kwa jina lako na namba yako ya simu. Unaingia Mipangilio, unatafuta Akaunti, unaongeza ya Google. Neno la siri liwe ambalo mumeo hawezi kulibahatisha, si mwaka wa kuzaliwa mtoto. Usiiondoe ya zamani bado, na hapa ndipo watu wanapolia. Majina ya wateja wako, kama yalihifadhiwa kwenye akaunti yake, yataondoka pamoja nayo. Fungua orodha ya majina, tafuta sehemu ya kuhamisha, yatoe yote kama faili moja, kisha yaingize kwenye akaunti yako mpya. Hesabu wachache unaowajua: yule wa Kihonda yupo? Yule wa ofisini anayelipa mwisho wa mwezi yupo? Picha zilizo ndani ya simu zitabaki, ila zile ambazo simu ilizifuta kupunguza mzigo baada ya kuzipeleka kwenye akaunti, hizo uzipakue kwanza. WhatsApp inafuata namba yako wala si akaunti, lakini nakala yake ya akiba hukaa kwenye akaunti ya Google. Kama haukupita muda mrefu na nakala ilikuwa inahifadhiwa, ukiirudisha WhatsApp leo, akaunti ya zamani ikiwa bado ndani, huenda meseji za kikoba zikarudi. Jaribu hilo mapema, kabla ya kuondoa chochote. Kisha badilisha akiba yake iende kwenye akaunti yako.

Majina yakishahesabiwa, rudi kwenye Akaunti, iguse ile ya mumeo, ondoa. Hapo hati imebadilishwa jina.

Yako mabaki mawili matatu ya kufagia. Kidole chake bado kinafungua simu yako, kwa hiyo ingia sehemu ya usalama, kifute, na namba ya kufungulia uibadilishe. Fungua Google Maps kwa akaunti yako mpya, gusa picha yako pale juu kulia, tafuta sehemu ya kushiriki mahali, uone kama kuna jina la mtu. Ni vizuri kuijua sehemu hii kwa sababu mtu akishika simu yako dakika moja tu anaweza kuiwasha ikabaki wazi mpaka izimwe. Google hutuma imeili kukukumbusha, lakini nani kati yetu anafungua imeili? Kwenye WhatsApp gusa vifaa vilivyounganishwa, usikute kompyuta usiyoijua inasoma meseji zako. Mwisho fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Play Protect, iamuru ikague simu. Ikikuonyesha programu usiyoikumbuka yenye uwezo wa kusoma kioo chako, iondoe.

Ndipo sasa zinakuja hizo ruhusa ambazo fundi aliziogopa bila kukuonyesha. Ndani ya Mipangilio kuna Faragha, na humo kuna kidhibiti cha ruhusa. Kimepangwa kwa vitu: Mahali, Kamera, Maikrofoni, majina, meseji. Ukigusa Mahali unaona orodha ya kila programu iliyoruhusiwa kujua ulipo, na ipi inaruhusiwa wakati wote. Simu za kuanzia Android 10, ya mwaka 2019, zinakuwezesha kuruhusu pale tu unapoitumia programu. Android 11 ikaongeza kuruhusu mara hii moja tu. Android 12, ya 2021, ikaleta la kulipenda zaidi: unaweza kuipa programu eneo la jumla, kama kilomita 3 za mraba, badala ya nyumba yako hasa. Programu ya hali ya hewa haihitaji kujua meza yako iko wapi sokoni. Mvua inanyesha Morogoro yote. Tochi haihitaji kujua chochote. Ya kuita boda au teksi inahitaji mahali hasa, lakini pale unapoita tu. Ukiona programu imepewa wakati wote, iulize moyoni: usiku nikiwa nimelala, huyu ananitafutia nini? Nyingi hazina jibu. Zishushe, hazitakufa. Ikikataa kufanya kazi kabisa kwa sababu umeinyima kitu isichokihitaji, hapo sasa ifute.

Programu alizofuta fundi, ukiitaka mojawapo irudishe, hazikuwa na kosa.

Aliyoibakiza ndiyo inayonitia wasiwasi, hiyo ya mkopo. Ingia kwenye kidhibiti kilekile, gusa ruhusa ya majina, uone kama imo. Akina mama wa biashara ndogo wengi wamepatikana hapo. Unakopa elfu hamsini, unabofya ruhusu, ruhusu, ruhusu kwa haraka ya kupata hela, ukichelewa siku mbili meseji za aibu zinakwenda kwa mchungaji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mkwe. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google imekataza programu za mikopo zilizo Play Store kusoma majina, picha, au mahali hasa pa mkopaji. Kwa hiyo kama yako inadai majina, ama umeipata kwa kiungo nje ya Play Store, ama inavunja sheria za duka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, hivyo iangalie yako imo au haimo. Mimi ningeinyima ruhusa ya majina leo, meseji na mahali pia, halafu nilipe deni nimalizane nao. Kuifuta hakufuti deni, na majina iliyokwisha kuyachukua iko nayo. Wakikuaibisha kwa ndugu, pana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na pana Tume yake inayopokea malalamiko. Tunza picha za meseji zao, ndizo ushahidi.

Wenye iPhone, yenu yanafanana. Mwenye akaunti ya Apple, ile iliyoitwa Apple ID, ndiye mwenye hati. Ruhusa za mahali ziko kwenye sehemu ya faragha, na tangu iOS 14, mfumo wa iPhone wa mwaka 2020, unaweza kuzima mahali hasa kwa kila programu. Iko pia sehemu ya kukagua usalama, iliyoongezwa na iOS 16 mwaka 2022, inayokuonyesha pamoja watu wote unaowapa mahali ulipo na kukuwezesha kuwakata. Onyo la kwamba kukata kunaonekana upande wa pili ni lilelile.

Mwenye Vitenge, ukishamaliza usiiache swichi ya mahali imezimwa kwa hofu. Unashuka Kariakoo na pesa za mzigo, kwenye msongamano ule simu inachomolewa hujui saa ngapi. Ikiwa imewashwa na akaunti ni yako, utaazima simu ya mtu, utaingia na neno lako la siri, utaitafuta au utaifunga na kuifuta kabla mwizi hajaifungua. Ni huduma ileile iliyokunyima usingizi, safari hii funguo unazo wewe.

Na mumeo naye usimwache gizani. Ana haki ya kutaka kujua mama watoto wake amefika salama, hasa treni ya jioni. WhatsApp inaweza kumtumia mtu mahali ulipo moja kwa moja kwa muda wa dakika 15, saa 1 au saa 8, muda ukiisha inajizima. Siku ya Kariakoo mtumie ile ya muda wa saa 8 unapokaa kwenye kiti, kabla treni haijaondoka, kwa kidole chako. Mwombe na yeye akutumie akikaribia Tunduma. Nina hakika hajawahi kukutumia, na nina hakika utalala vizuri ukiona kile kidoti chake kimesogea.

Mama yako mweleze taratibu, umwonyeshe ile ramani kwenye simu yako, aone macho yaliyokuwa yanaona yalikuwa yapi.

Kwa wifi yako usimtume mtoto, wala usimpigie. Ulimtukana sokoni mbele ya watu. Nenda palepale, asubuhi wakati kila mtu anapanga meza, umwombe radhi kwa sauti ile uliyomtukania, wale waliosikia lile wasikie na hili. Kisha nunua samaki wake, na jioni watoto wapeleke kwa shangazi yao.